Dirisha Lililofunguka Nyuma ya Picha

Bulaimu wa Abedi alijulikana katika mji wa Kindu kwa sauti kabla ya sura. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa fonie, ile redio ya kuitana kituo kwa kituo, na kila asubuhi mtu aliyepita nyuma ya bandari alimsikia akiita watu wa vituo vya kule mto unakoshukia kwa sauti ya polepole, kama anaamsha mgonjwa. "Kituo cha pili, unanisikia? Maji iko namna gani leo?" Akijibiwa alishukuru. Asipojibiwa alikohoa, akaita tena.

Alikuwa mtu mwembamba, wa kofia nyeupe na viatu vilivyopigwa rangi kila siku, mtoto wa ukoo wa Waislamu wa zamani wa mji huo. Hakupenda ugomvi. Mke wake, Hawa, alisema ukimkanyaga Bulaimu mguu, yeye ndiye atakayeomba radhi. Kaka yake Hawa, Matata, alikuwa kinyume chake kabisa: mnene wa mabega, mcheshi, nahodha wa boti kubwa la mbao lililoshuka mto na abiria, mihogo, mafuta ya mawese na mbuzi. Matata alipenda kumtania shemeji yake.

"Miye napima maji na mti," alisema akishika ile fito ndefu ya kupimia kina. "Weye, shemeji, unapima na mudomo."

Mambo yalibadilika Kituo cha Vipimo vya Mto kilipofunguliwa karibu na bandari. Mkuu wake alikuwa Kalonji, mtoto wa dereva wa treni aliyetoka mkoa wa Kasai, mtu wa heshima, abakos yake, ile suti ya kiserikali isiyo na tai, imenyooka hata jua likiwaka. Pamoja naye alikuja Hélène, mwanamke wa Ulaya aliyesomea mito. Treni kutoka kusini ikaleta masanduku, na ndani ya masanduku mlikuwa na ordinateri, yaani kompyuta, yenye kioo kikubwa, ya kwanza ambayo watu wengi wa ofisi ile waliiona kwa macho. Kwa kuwa Bulaimu ndiye aliyepokea vipimo kwa fonie, alipewa yeye kazi ya kuviingiza kwenye mashine.

Mpango ulikuwa hivi. Bulaimu aliingiza namba za maji kutoka vituo vyote. Mashine ilizichanganya, ikahesabu kina kwenye yale mapito membamba ambako mto umebanwa na mawe. Mahali pakiwa salama, ilinyamaza. Mahali pakiwa na hatari, ililia kengele ndogo na kufungua dirisha la onyo katikati ya kioo, likitaja jina la pito. Hapo Kalonji alituma mtu bandarini, bendera nyeupe ikashushwa, nyekundu ikapandishwa, na hakuna boti lililong'oa kamba. Manahodha waliizoea bendera ile upesi. Hata Matata, baada ya kucheka msimu mzima, alianza kuiangalia kabla ya kuwasha mota. Fito yake ikawa inalala chini ya mizigo.

Kilichomshangaza Bulaimu katika mashine ile hakikuwa hesabu. Yalikuwa yale madirisha. Moja lilikuwa na ramani ya mto, jingine vipimo, jingine saa ya duara, na yote yalilaliana juu ya kioo kama vitambaa mezani kwa muuzaji. Ukilibonyeza la chini, linapanda juu. Siku moja alimwuliza Hélène nani anayeamua.

"Iko programu moja kazi yake ni hiyo tu," Hélène alimjibu. Kiswahili chake alikuwa amejifunza hapohapo Kindu. "Tunaiita msimamizi wa madirisha. Programu ya ramani haijipangii nafasi. Inaomba. Inasema: nataka upana huu, urefu huu, uniweke pembe hii. Msimamizi anaangalia. Anaweza kukubali, anaweza kupunguza, anaweza kuweka mahali pengine kabisa. Kisha anaiambia: umepewa hivi."

"Na yenyewe inafanya nini?"

"Kama imeandikwa vizuri, inakubali ilichopewa na kujichora upya ndani yake."

"Kama haiko vizuri?"

"Inaomba tena. Hakuna kinachoizuia kuomba."

Bulaimu alifikiri. "Na ile iko chini ya zingine, inajua kama muntu haioni?"

"Ikitaka kujua, inaweza kuambiwa. Lakini nyingi hazijali. Zimepewa dirisha, zimeandika maneno yao, kwao kazi imekwisha."

Ndiyo maana, alimweleza, onyo la mto alikuwa ameliandika liombe katikati ya kioo na juu ya yote, pasiwe na mtu wa kulikosa. Bulaimu aliona ni akili nzuri.

Mkataba wa Hélène ulipokwisha alirudi kwao. Walimsindikiza hadi uwanja wa ndege, Kalonji akatoa hotuba fupi, Hawa akampa kitambaa. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na mtu Kindu aliyejua mashine ile imeandikwa nini tumboni. Bulaimu alijua kuitumia, kama mtu anavyojua kuendesha baiskeli asiyoweza kuitengeneza.

Kisha akaja citoyen Kabongo, yaani mwananchi Kabongo, kama watu walivyotakiwa kuitana siku zile. Huyu alikuwa mjumbe wa chama, kile kimoja cha nchi nzima, aliyepewa jukumu la kukagua ofisi, mtu wa miwani myeusi na sauti ya chini. Alitazama kuta za Kituo, akaona picha ya Rais mahali pake, akaridhika. Halafu akatazama kioo cha mashine.

"Na hapa?" aliuliza. "Mkubwa iko wapi hapa?"

Kalonji alisema hicho ni chombo cha kazi ya maji tu.

"Citoyen Kalonji, watu wanakuja kutazama hii mashine kuliko ukuta. Wageni wakiingia, macho yao yanakwenda pale kwanza."

Haukupita muda akaja fundi kutoka Kinshasa, kijana wa haraka aliyekaa mchana mmoja tu. Alitia programu ndogo iliyofungua dirisha lenye picha ya Rais katikati ya kioo. Kabongo alikuwa amemwagiza kwamba kisionekane kitu chochote juu ya uso ule, na fundi akatimiza. Programu yake ilikuwa imeandikwa isikilize: kila ilipoambiwa kwamba dirisha jingine limeifunika, hata ukingo tu, iliomba palepale irudishwe juu. Msimamizi wa madirisha alikuwa hana sababu ya kuikatalia. Aliipandisha. Ukiivuta pembeni, ilijirudisha katikati. Fundi alipokea chakula, akapanda ndege, akaenda zake.

Mara ya kwanza onyo lilipotokea baada ya hapo, Bulaimu alisikia kengele, akainua macho, asione onyo. Aliona picha. Alipochungulia vizuri aliona kando ya picha ukingo wa dirisha jingine, na mwisho wa mistari ya maneno ukitokeza kulia. Onyo lilikuwa limeomba katikati, likapewa katikati. Liliomba juu, likapewa juu. Kisha picha ikaomba juu, nayo ikapewa. Onyo halikuomba tena. Lilikuwa limeshasema neno lake.

Akashika kipanya cha mashine, akalishusha dirisha la picha chini. Kwa kufumba na kufumbua maneno ya onyo yalionekana, na picha ikarudi. Akalishusha tena. Likarudi tena. Kwa kuiba neno baada ya neno alisoma jina la pito, akaenda kumwambia Kalonji, bendera ikabadilishwa.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi tangu hapo. Jicho lake lilizoea kunyakua herufi katika kile kipindi kifupi. Nyumbani macho yalimwasha, Hawa akamwekea kitambaa cha maji ya baridi.

"Kwa nini usiseme?" Hawa alimwuliza.

"Nimesema."

Kweli alikuwa amesema. Alimweleza Kalonji, Kalonji akaelewa vizuri sana, akafunga mlango wa ofisi kabla ya kujibu. "Nitaongea naye," alisema. Akaenda kwa Kabongo, akarudi amekunja uso.

"Ameniuliza swali moja tu," Kalonji alisema. "Ameuliza: ni kitu gani hicho kinataka kukaa juu ya Mkubwa?"

"Ulimujibu nini?"

"Nilimujibu hakuna."

Hawakulizungumza tena. Bulaimu alijaribu dawa zake mwenyewe. Alijaribu kulisogeza onyo pembeni, lakini kila liliporudi kufunguka liliomba palepale katikati, kama Hélène alivyoliandika, na msimamizi akalipa. Alijaribu kuwaita watu wa Kinshasa kwa fonie. Wakamwambia asubiri, wakamwambia fundi yuko safari, mwisho wakaacha kujibu. Akabaki na macho yake na kile kipanya.

Kiangazi cha mwaka uliofuata maji yalishuka kuliko kawaida. Mawe ambayo wazee waliyasikia kwa majina tu yalianza kuonekana katikati ya mto. Wakati huohuo ikatangazwa kwamba wakubwa kutoka Kinshasa wanakuja kutembelea Kindu, kisha watashuka kwa boti la serikali hadi kituo kinachofuata. Mji ulifagiliwa. Wanawake wa vikundi vya kucheza kwa ajili ya chama walishonewa nguo za kitambaa kimoja. Ilipangwa wacheze uwanjani asubuhi, kisha kundi moja litangulie kwa boti la Matata, ili wageni wakifika kule chini wapokelewe kwa ngoma.

Asubuhi ya ziara Kabongo alifika Kituoni na agizo jipya. Wageni wataingia kuona mashine. Picha ni ndogo mno. Bulaimu alionyeshwa neno la kuandika kwenye mashine ambalo fundi alikuwa ameliacha, na picha ikaomba kioo kizima. Msimamizi akaipa kioo kizima. Ramani, saa, vipimo, vyote vikazama chini. Ule ukingo mdogo aliozoea kuuchungulia nao ukafunikwa.

"Leo usiguse kitu," Kabongo alimwambia. "Wakitoka, utafanya unavyotaka."

"Vipimo vya asubuhi je, citoyen?"

"Andika vipimo vyako. Nani amekukataza kuandika? Usiguse picha tu."

Bulaimu aliita vituo. Namba zilizokuja zilikuwa ndogo, lakini namba peke yake hazikumwambia pito gani limefungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya mashine. Alipiga vidole bila kuona anachoandika, akiwa ameihifadhi moyoni njia ya kufika kwenye kila tundu la namba. Mbele yake uso ule mkubwa ulimtazama bila kubadilika. Alipomaliza, kengele ililia.

Nyuma ya picha palikuwa na dirisha wazi, lenye jina ndani yake, umbali wa kiganja kutoka puani mwake. Alipeleka mkono kwenye kipanya. Kabongo, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, aliuweka mkono wake juu ya ule wa Bulaimu, si kwa nguvu.

"Citoyen, hiyo kengele ni onyo," Bulaimu alisema. "Iko pito limefungwa."

"Pito gani?"

"Sijue. Iko chini ya picha."

"Basi hujue."

"Nipe nafasi kidogo tu. Nitashusha, itarudi yenyewe. Hata hawatajua."

Kabongo alivua miwani. Bulaimu aliona kwamba macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Gari zao zimeshaingia mtaa wa Kasuku," Kabongo alisema polepole. "Wakisukuma mulango ule wakakuta kioo kinacheza-cheza na uso wa Mkubwa unapotea na kurudi, unajua watauliza nani? Wataniuliza miye. Na miye nitawaonyesha weye."

Bulaimu aliinuka, akaenda chumba cha pili kwa Kalonji, aliyekuwa akinyoosha kola mbele ya dirisha.

"Citoyen Kalonji, shusha bendera. Boti zote zisimame."

"Kwa pito gani?"

"Sijaweza kusoma. Lakini kengele imelia. Maji ni machache sana."

Kalonji aliishika kola yake kwa mikono miwili. "Wa bandari watanidai jina la pito. Ndiyo sheria tuliyoweka sisi wenyewe. Nikisimamisha kila kitu leo, na boti la wachezaji lisiondoke..." Hakumaliza. "Nenda kaite vituo tena. Pengine watakuambia."

Bulaimu aliita. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, na hilo lilimtia hofu yeye mwenyewe. Vituo havikujibu, watu wa fonie walishatoa vipimo, walishafunga. Aliita tena na tena mpaka akasikia milango ya magari nje, kisha vicheko, na wageni wakaingia. Walisimama mbele ya kioo. Mmoja alisema ni kazi nzuri sana. Mwingine aliuliza mashine hii inafanya nini, na Kabongo akajibu kwamba inalinda maisha ya wasafiri wa mto.

Bulaimu aliteleza kwa mlango wa nyuma, akakimbia. Njia ya bandarini ilikuwa imejaa watu waliotoka uwanjani, na askari walikuwa wamefunga kamba barabarani ili magari ya wageni yapite. Aliomba apitishwe. Askari alimwambia asubiri. Aliomba tena. Askari, bila hasira, alimsukuma nyuma kwa kifua. Kutoka pale alipokuwa aliweza kuona mlingoti wa bandari na bendera nyeupe juu yake, na chini yake boti la Matata likigeuza pua kufuata maji, wanawake wamejaa wakiwa na nguo zao za kitambaa kimoja, wanaimba. Alipiga kelele. Watu wa karibu walidhani anashangilia, wakashangilia naye.

Boti liligonga mawe kwenye pito la Lubelenge mchana uleule. Wavuvi wa mitumbwi waliokuwa karibu waliokoa wengi. Wengine hawakuonekana tena, na Matata alikuwa mmoja wao. Waliopona walisema aliivuta fito kutoka chini ya mizigo mwishoni kabisa, alipoona rangi ya maji imebadilika.

Uchunguzi ulifanyika ofisini, mbele ya mashine. Picha ilikuwa imerudishwa ndogo. Mtu mmoja aliyetumwa kuchunguza alilibonyeza dirisha la picha, akaomba lifungwe kabisa, na Kabongo mwenyewe akaonyesha namna ya kulifunga, jambo ambalo Bulaimu hakuwahi kuambiwa kwamba linawezekana. Pale chini lilikuwapo onyo, limetulia, jina la Lubelenge limeandikwa wazi, na saa ya asubuhi kando yake.

"Mashine ilisema," mchunguzi alitamka. "Nani alikuwa kwa mashine?"

Bulaimu alisema ni yeye.

Alieleza. Alieleza kuhusu programu inayoomba na msimamizi anayetoa, picha iliyoomba zaidi ya wengine, na mkono uliowekwa juu ya mkono wake. Alipofika kwenye mkono, Kabongo alitazama sakafu. Kalonji alikuwa amekaa pale na kofia yake mapajani. Mchunguzi alimgeukia, akamwuliza kama aliletewa habari ya pito la Lubelenge.

"Jina hilo halikutajwa kwangu," Kalonji alisema, na ilikuwa kweli.

Bulaimu alifungwa katika chumba nyuma ya ofisi ya askari, muda wa kutosha ndevu zake kuota mvi ambazo hakujua anazo, kisha akaachiliwa bila kuambiwa neno. Kazini hakurudishwa. Kalonji alihamishiwa kusini. Mwaka uliofuata ikatangazwa redioni kwamba chama hakitakuwa tena kimoja, na watu wakaanza kusema mitaani mambo waliyokuwa wakisemea vyumbani. Jirani mmoja alimshauri Bulaimu aende kudai haki yake. Alikwenda. Alikuta Kituo kimefungwa, kioo kimefunikwa turubai, jenereta imechukuliwa. Mlinzi hakujua ni nani wa kupelekewa madai.

Aliishi kwa kurekebisha redio za watu barazani kwake. Hawa hakumlaumu hata siku moja, na siku nyingine Bulaimu alitamani amlaumu. Aliyekuja ni mama mkwe wake, bibi Aziza, mama yake Matata. Alikuja karibu kila Ijumaa, akavua ndara, akaketi mkekani.

"Niambie tena," alisema.

Na Bulaimu alimwambia tena. Alichukua vitambaa vya Hawa, akavitandaza mkekani kimoja juu ya kingine ili bibi aone. Hiki ni ramani, hiki ni vipimo, hiki ni onyo. Hiki kikubwa ndicho picha. Bibi Aziza alivitazama kwa makini, mkono shavuni.

"Hii ya juu, nani aliiweka juu?"

"Iliomba, mama."

"Na hii ya Matata haikuomba?"

"Iliomba mara moja."

Bibi alinyoosha kidole, akakunja pembe ya kile kitambaa kikubwa, akachungulia kilicho chini. Akaiachia. Kitambaa kilibaki kimekunjika hivyohivyo, hakikurudi.

"Weye ulijua iko kitu hapa," alisema.

"Nilijua, mama."

Hawa alileta chai, wakainywa wote watatu, na Bulaimu akavikunja vitambaa, akavirudisha ndani.